Pikipiki imegongwa na asesa anakuja kesho: fanya haya kabla hajafika

Wakuu, mwezi huu pekee kijiweni nimeulizwa na watu watatu kitu kile kile. Pikipiki imegongwa, bima ipo, asesa kaja kaangalia dakika kumi kaondoka, afu hela iliyotoka haitoshi hata shokapu za mbele. Na mimi yalishanikuta, barabara ya Mandela pale Tabata Relini, Noah ikakata kushoto bila indiketa mimi nipo ubavuni kwake, nikaenda nayo. Nilitoka na michubuko, Boxer yangu ndo iliumia mbele. Asesa wa bima ya yule mwenye Noah aliandika taa, indiketa mbili, saitimira, madigadi na usukani, basi. Tulipokuja kuifungua kwa fundi tukakuta shokapu zote mbili zimepinda, rimu imekula na vile vyuma vinavyozikamata shokapu juu na chini vimejikunja. Ripoti ya kwanza haikuwa hata nusu ya hasara, na kuirekebisha kulinila wiki saba nikiwa sina kazi.

Asesa, kwa Kiswahili cha ofisini mkadiria hasara, anaandika anachokiona siku hiyo. Asichokiona kwake hakipo. Gari likigongwa bodi yote inaonyesha, pikipiki inaficha, inaweza kusimama vizuri kabisa na shingo ya fremu imeshatembea. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachoeleza hapa ni kuhakikisha siku akija anaona kila kitu. Naongelea Tanzania, nchi nyingine fomu na majina ni tofauti.

Kwanza jua unamdai nani

Bima kubwa inalipa pikipiki yako hata kosa likiwa lako. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemuumiza wewe, pikipiki yako haiigusi. Kwa hiyo kama una bima ndogo na umeingia mtaroni mwenyewe, hapo hamna klemu, yani madai ya kulipwa na bima, usipoteze nauli. Ila kama umegongwa na mwenye kosa ni yule mwingine, unaidai bima YAKE, hata kama yako ni ndogo. Hii watu wengi sana hawaijui, wanaenda kwenye kampuni yao wanaambiwa haiwahusu wanarudi nyumbani wamekata tamaa.

Angalizo moja hapo: kinacholazimishwa na sheria kwenye bima ndogo ni kifo na majeruhi. Uharibifu wa mali ya mtu wa tatu kampuni nyingi huwa zinauweka humo ila kwa kikomo, so ulizia mapema kikomo cha yule aliyekugonga ni kiasi gani.

Stika ya bima siku hizi ni ya kielektroniki. Chukua namba ya gari lililokugonga, ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS, ule wa mamlaka ya bima, hakiki palepale barabarani kama bima ipo hai na ni ya kampuni gani. Dakika mbili tu. Jamaa akikuambia "bima ipo usijali" wewe jali.

Eneo la tukio

Piga picha kabla hamjasogeza chochote kama usalama unaruhusu, halafu sogezeni msije mkagongwa mara ya pili. Picha za mbali zinazoonyesha barabara na vyombo vyote viwili, za karibu, namba za usajili, alama za matairi, vioo vilivyomwagika. Chukua video fupi unazunguka pikipiki yako taratibu. Omba namba za mashahidi wawili, sio wale wanaopiga kelele, ni yule mama wa mihogo aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi.

Usikubali kosa mdomoni ili yaishe, na usipokee elfu hamsini za "katengeneze tumalizane" kabla fundi hajaifungua. Kwa nje mimi ningekadiria laki moja kwa ile yangu, na nilikuwa nimekosea mbali sana.

Trafiki akija atapima na kuchora ramani ya ajali. Bima itataka karatasi za polisi, na zinazotajwa kila siku ni PF 90, PF 93 inayotoka kwa mkaguzi wa magari, PF 115 na hiyo ramani. Kama umeumia chukua PF 3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla hujaenda hospitali, au ufuatilie mapema baada ya kutibiwa. Soma zilichoandika ukiwa bado upo kaunta. Namba ya usajili ikikosewa herufi moja, MC yako ikawa ya mtu mwingine, utarudi kituoni mara tano.

Na pikipiki ikilala yadi, piga picha betri, tanki, kila kitu, na andika kilomita. Sisemi mengi, ila vitu vidogo vidogo vina tabia ya kuota miguu.

Toa taarifa bima, kwa maandishi

Siku hiyo hiyo au kesho yake. Kupiga simu ni sawa ila tuma na barua pepe au ujumbe unaobaki, na udai namba ya klemu. Fomu ya madai ijaze kwa maneno mafupi ya ukweli, nilikuwa natoka wapi, spidi gani, nani alifanya nini. Usipambe. Asesa na trafiki wataandika za kwao na zikigongana na yako ndo mwanzo wa kuambiwa "tunachunguza".

Kwa wenye bima kubwa kuna vitu vinaua klemu hata kabla asesa hajafika. Kikubwa ni pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ilhali inabeba abiria kijiweni, wengi wanafanya hivi ili walipe kidogo, na kampuni ikigundua ina sababu ya kukataa yote. Kingine ni dereva asiye na leseni ya daraja la pikipiki, au mshikaki, abiria wawili nyuma halafu ukaandika mmoja.

Halafu kuna hili la pikipiki za mkataba, zile unazomlipa bosi kidogo kidogo mpaka iwe yako. Dogo mmoja wa kwetu alikuwa ameshamlipa bosi miezi tisa, pikipiki ikapata ajali ikaonekana haitengenezeki, hela ikatoka kwa jina lililoko kwenye kadi, yani bosi. Dogo akabaki anahesabu. Kama uko kwenye mkataba, andikeni mapema kabisa kwamba pikipiki ikifa nani anapata nini kutokana na alicholipa.

Usitengeneze, lakini fungua

Hapa ndo nakaa kidogo maana ndo kwenye pesa.

Ukitengeneza kabla ya ukaguzi umejimaliza, ushahidi umeondoka. Ila kuifungua ili hasara ionekane ni kitu kingine kabisa. Ipandishe kwenye guta au kirikuu, usiiendeshe hata kama inawaka, weka risiti ya usafiri. Iombee bima ruhusa ya kufungua, kwa ujumbe tu, "pikipiki iko kwa fundi sehemu fulani, naomba ifunguliwe mbele kabla au wakati wa ukaguzi". Wakikataa utakuwa na ujumbe kwamba uliomba.

Ajali ya mbele nguvu inasafiri kwa mpangilio: tairi na rimu, shokapu, vile vyuma viwili vinavyozikamata, halafu shingo ya fremu. Ikaguliwe kwa mpangilio huo huo. Inua tairi la mbele lizungushe, weka bisibisi karibu na ukingo wa rimu uone kama umbali unabadilika. Simama mbele, nyoosha usukani, je tairi linaangalia mbele au limegeuka? Shika shokapu kwa chini vuta mbele na nyuma, kukiwa na mchezo ni beringi za shingo. Oili ikichuruzika kwenye shokapu, sili imekwenda na huenda bomba limepinda. Yatoe mabomba yale uyaviringishe juu ya kioo au meza ya vigae iliyonyooka, lililopinda linadunda, na hapo piga video maana hiyo video haibishaniki. Yangu ilikuwa inaruka kama kipande cha muwa.

Kisha toa tanki. Chini ya tanki, pale fremu inapoungana na shingo, rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka kimstari chembamba, chuma kimetembea. Funga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele kila upande uone kama matairi yapo mstari mmoja. Tafuta na namba ya chesisi, fremu ikihitaji kubadilishwa hiyo namba inaondoka nayo na unaingia kwenye habari za usajili, ndo maana fremu ikienda asesa wengi wanahamia kwenye hasara kamili badala ya matengenezo. Fundi atakuambia "hii tunanyoosha kwa moto na mnyororo", inawezekana, ila chuma kilichochomwa hakina nguvu ileile na wewe ndo unabeba mtu nyuma.

Imelala kushoto? Angalia gia, sio kile kishikio cha nje tu, na shafti yake inaweza kuwa imepinda ndani. Kulia kuna pedali ya breki, kiki na eksozi. Kifuniko cha injini kikiwa na ufa hata wa nywele kioneshe na oili yake.

Profoma, sio "fundi kasema"

Asesa hawezi kuandika "fundi kasema laki sita". Anataka profoma, yani karatasi ya makadirio ya bei, yenye jina la gereji, TIN, tarehe, namba ya pikipiki, na kila spea mstari wake na bei yake, ufundi mstari wake. Chukua mbili au tatu. Spea zunguka Kariakoo mwenyewe, bei ya kwanza siyo bei, lakini duka lililokupa bei ya chini bila kutoa risiti ya EFD halitakusaidia, bima inakubali karatasi.

Kwenye kila spea andika ni orijino au ya kopi. Boxer na TVS ni za India, sokoni kuna spea zake zenyewe na kuna za kuiga zinazofanana kabisa machoni, bei mbali. Asesa akiandika tu "shokapu" bila kusema ipi, ofisini watachukua bei ya ile rahisi, wewe ulikuwa na orijino. Na uliza VAT, asilimia 18, kama imo au haimo, maana ukichagua kulipwa taslimu badala ya kutengenezewa wanaweza kuiondoa hiyo.

Siku ya asesa

Uwepo wewe na fundi. Pikipiki iwe imeoshwa, chini ya mwanga, vipande vilivyofunguliwa vimepangwa chini kwenye turubai kwa mpangilio. Mpe orodha yako iliyoandikwa, nakala yake wewe unayo. Mtembeze kuanzia mbele kwenda nyuma: "Injinia, hii hapa, na hii imesababishwa na hii." Heshima, chai, maji, basi. Usimpe kitu mfukoni, kwanza ni kosa, pili atakayeamua malipo ni kampuni, yeye anatoa ripoti.

Usichomekee uchakavu wa zamani. Cheni imekwisha, siti imechanika tangu mwaka juzi, unataka bima ilipe? Hawa jamaa wanaona kutu, mpasuko mpya unang'aa ndani na wa zamani una vumbi na kutu, akikukamata kwenye cheni hatakuamini kwenye shokapu. Mimi nilimwambia mwenyewe kabla hajauliza, mkuu huu mkwaruzo wa tanki ni wa zamani usiuandike. Mara ya pili alipokuja alikuwa mpole hadi nikashangaa.

Kabla hajaondoka uliza mambo matatu: nini kimeandikwa kubadilishwa na nini kutengenezwa, ripoti inatoka lini, na kikionekana kingine utaratibu wa ukaguzi wa nyongeza ni upi. Majibu yake yatume kwake kwa WhatsApp jioni hiyo, "asante kwa kuja leo, kama tulivyoongea…", ili yabaki.

Hesabu inavyokatwa

Hapa watu wanaonaga wameibiwa, wakati mwingine ni kweli, mara nyingi ni hesabu ambayo hawakuelezwa. Namba hizi nimezitunga ili uone tu, sio bei za soko.

Tuseme bima kubwa. Spea 480,000, ufundi 70,000, jumla 550,000. Humo kuna tairi jipya la 60,000 wakati lako lilikuwa nusu ya maisha, asesa anakata nusu kwa sababu umepata kipya badala ya kikuukuu, toa 30,000, inabaki 520,000. Halafu pikipiki yako thamani yake ni 2,000,000 ila ulipokata bima ulisema 1,500,000 ili ulipe kidogo. Kampuni inaweza kusema umejikatia robo tatu basi tunalipa robo tatu: 390,000. Kisha eksesi, ile sehemu mliyokubaliana utabeba mwenyewe, tuseme 100,000. Unapata 290,000 kwa matengenezo ya 550,000. Hakuna aliyeiba hapo, ile milioni moja na nusu uliyoandika siku ya kwanza ndo imekula pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye hesabu hii.

Ndo maana hasara ndogo ukute haifai kudaiwa. Kama matengenezo ni 130,000 na eksesi ni 100,000, unakimbizana na polisi na ofisi kwa ajili ya elfu thelathini na mwaka ujao unaweza kupoteza punguzo la kutokudai.

Ukiwa unadai bima ya aliyekugonga hali ni tofauti, eksesi ni mambo yake na kampuni yake, haipaswi kukatwa kwako. Mimi walijaribu. Nikauliza kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba wangu, wakati mimi sina mkataba na nyie? Ikatolewa. Pia kwa upande huo dai hela ya siku ulizokaa bila kazi, watabisha sana, ila ukiwa na daftari la hesabu au miamala ya simu uliyokuwa unamtumia bosi kila siku unapata pa kuanzia. Bima yako mwenyewe kwa kawaida hiyo hela ya siku hailipi.

Ripoti imekuja pungufu

Omba nakala ya ripoti au angalau mchanganuo. Usijibu "hela ndogo", jibu mstari kwa mstari. Mstari wa 4 mmeandika shokapu kunyooshwa, video hii inaonyesha bomba linadunda, duka hili na hili linauza pea, profoma hizi hapa. Mstari wa 7 rimu haipo kabisa, picha namba 12. Mimi barua ya kwanza niliandika ukurasa mzima wa malalamiko na jinsi watoto wanavyolala njaa, hakuna aliyejibu. Ya pili ilikuwa na mistari sita na picha sita, siku nne asesa akapiga simu anakuja tena.

Wakisema ni hasara kamili, mambo yanahamia kwenye thamani ya pikipiki kabla ya ajali. Kusanya matangazo ya pikipiki za mwaka huo huo na kilomita zinazokaribiana, risiti za matengenezo. Uliza mabaki yanabaki kwa nani na yanakatwa kiasi gani, wakati mwingine injini nzima ikibaki kwako kwa makato kidogo ni biashara nzuri.

Unaweza kuajiri asesa wako mwenye leseni ya TIRA ila unalipa wewe, kwa pikipiki ya kawaida mara nyingi gharama inakula faida. Kampuni ikikaa kimya au ikishikilia msimamo, andika malalamiko rasmi kwao kwanza, upate jibu au ukimya wao uwe na tarehe, halafu nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Faili lako likiwa na picha, ujumbe na profoma kwa tarehe zake, umeshafanya kazi yote kubwa.

Ile karatasi ya mwisho

Kabla ya hela unaletewa dischaji vocha. Ukisaini umesema nimelipwa na sidai tena. Usisaini pikipiki ikiwa haijafunguliwa, na usisaini ya uharibifu wa mali yenye maneno yanayofunga na madai ya majeraha yako, goti linaweza kuja kuuma miezi mitatu baadaye. Omba kwenda nayo nyumbani ukaisome. Akikuambia lazima usaini sasa hivi, ndo kabisa nenda nayo nyumbani.

Wakitengeneza wao kwenye gereji yao, ijaribu kabla ya kupokea. Achia mikono kidogo sehemu iliyo wazi na salama spidi ndogo, isivute upande. Funga breki ya mbele, sikiliza shingo. Angalia spea mpya ni zile zilizo kwenye ripoti.

Na zile za zamani usizitupe wala usimwachie fundi, kampuni ikilipa kipya ina haki ya kudai kikuukuu na wakikikosa wanaweza kukukata. Shokapu zangu zilizopinda nilizifunga kwenye mfuko wa salfeti nikaandika namba ya klemu kwa maka peni. Walisema watakuja kuzichukua wiki ile ile. Mpaka leo ziko nyuma ya mlango wa jikoni na mke wangu kila akifagia ananiuliza bima yako inakuja lini.